Nimetafuta washiriki wa jaribio la hisi ya sita, nimepata wateja wa ramli

BintiTudor

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Niko mwaka wa nne, nasoma saikolojia katika chuo kimoja hapa Mombasa. Mradi wangu wa kumalizia ni kurudia jaribio la zamani la kadi. Mtu mmoja anafunua kadi na kuitazama, mwenzake aliye upande wa pili wa pazia anaandika anadhani ni ipi. Kadi ni 25, alama ni 5: duara, alama ya kujumlisha, mawimbi, mraba na nyota, kila moja mara 5. Alizibuni Karl Zener mwanzoni mwa miaka ya 1930 kwa ajili ya J. B. Rhine wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, aliyetaka kujua kama mtu aweza kupata habari bila kupitia milango yake mitano ya fahamu. Mwenye kubahatisha tu hupata 5 hivi. Mimi siamini wala sibishi. Msimamizi wangu alikubali kwa shingo upande, akasema atanipa alama kwa jinsi nilivyopanga jaribio, si kwa nilichogundua.

Nahitaji watu 40. Hapo ndipo kizungumkuti.

Mwezi uliopita nilibandika tangazo chuoni na kwenye duka la fotokopi: "Je, una hisi ya sita? Hujua mambo kabla hayajatokea? Tunakutafuta kwa utafiti." Nikaweka namba. Wa kwanza kupiga ni kijana aliyetaka nimtazamie pikipiki yake iliyoibwa Mwembe Tayari, na nimtajie bei kabisa. Wa pili ni mwalimu wa falaki kutoka Likoni, mtu wa adabu sana, akauliza ubani naununua mimi au anakuja nao, na kwamba kuvuka kwake ni shilingi 3,500. (Feri ya Likoni mwendaji kwa miguu halipi. Sikumkumbusha.) Wa tatu ni mama ambaye mumewe yuko Ghuba na simu yake haipatikani wiki ya tatu. Yule alilia. Nilimsikiliza dakika arubaini na sikuwa na la kumwambia.

Nikabadilisha, nikaandika "Utafiti wa akili". Jirani akalisoma, akanirudishia karatasi: "Sisi hapa wazima, alhamdulillah."

Basi nikaona nianze na watu wa nyumbani, kama majaribio ya kujizoeza. Nyanya yangu ana roshani Mji wa Kale inayotazama machweo. Tulifunga leso yake kwenye kamba ikawa pazia, nikakata kadi za manila, nikachora alama kwa kalamu ya wino mzito. Wakaja 14: mashoga wa nyanya, binamu zangu, mafundi wawili waliokuwa wakipaka rangi chini. Wengi walipata 4, 5, 6. Mmoja, nitamwita Bi M., auza mahamri na mbaazi asubuhi, alipata 10.

Na mimi kwa upumbavu wangu nikapaza sauti, "Mashallah, kumi!"

Sasa kila asubuhi kwenye karai lake kuna watu wanamuuliza mambo. Jirani mmoja amepoteza bangili ya dhahabu, amekwenda kwake. Bi M. si tapeli, nataka mnielewe. Amefurahi tu. Ni mjane, na katika maisha yake hakuna aliyewahi kumwambia ana kitu. Ananipigia simu kila siku kuuliza tutarudia lini.

Nisaidieni. Jaribio nilitaje vipi ili nipate watu wa kawaida? Nilipe? Na Bi M. nimweke kwenye wale 40, au nimtoe?

---

Shangazi wa Nyanjani

Mwanangu, nimebeba fomu za utafiti Mombasa na Kilifi miaka 17. Malaria, lishe, maji, chanjo. Kadi za nyota sijawahi, lakini mtu wa kukaa kwenye kiti na kujibu najua anavyopatikana.

Tangazo lako lilichagua watu kabla wewe hujachagua. Uliuliza nani ana hisi ya sita, ukajibiwa na wanaoishi kwayo na walio na shida. Watu wa kawaida hawajioni mle. Muuza samaki wa Kongowea hataitikia, si kwa kuwa hana hisi ya sita bali kwa kuwa hajawahi kuulizwa kama anayo, na ana ndoo ya kuuza. Kisha neno "utabiri" pwani hii si neno tupu. Ni mlango wa mtu, una bei, una saa za kazi.

Andika kinachotendeka, usiandike kinachotafutwa. Hivi: "Utakaa kwenye kiti dakika 20. Utabashiri kadi 25 ambazo huzioni, na kuandika majibu kwenye karatasi. Hatutoi dawa, hatuchukui damu, hatutazamii mtu." Hayo ya mwisho usiyaache. Mwaka wangu wa kwanza tulikuwa tukidunga watu kidole Kisauni, na habari zikatutangulia kwamba mumiani wamekuja. Nyumba sita mfululizo milango ilifungwa. Ya saba walifungua ili watuone tu sura. Lengo la jaribio lieleze lote kwenye fomu ya idhini, ana kwa ana, kabla mtu hajatia sahihi. Usifiche, ila usilitundike ukutani.

Kuhusu pesa: nauli, na iwe sawa kwa wote, anayetoka Bamburi na anayetoka nyuma ya jengo. Usilipe kwa kadi alizopatia, utafundisha watu kuchungulia. Na akitaka kuondoka katikati aondoke, nauli bado ni yake. Mwambie hivyo kabla hajakaa.

Usianze na mabango. Anza na mzee wa mtaa, ukiwa na barua ya chuo yenye muhuri. Halafu nenda pale watu walipo tayari kwa jambo lingine: chama cha akina mama, kundi la bodaboda, wanafunzi wa idara nyingine (wa kwenu wameshasoma haya, watakuharibia). Kila kundi chukua wachache, usijaze 40 kutoka ukoo mmoja. Nyakati: Ijumaa mchana sahau, mwezi wa Ramadhani sahau, baada ya alasiri ni saa nzuri kwa wanaume, na akina mama wengi ni saa nne asubuhi. Walio chini ya miaka 18 waache kabisa, utajipunguzia fomu za wazazi.

Kibali je? Husemi kitu kuhusu kamati ya maadili wala NACOSTI, tume ya taifa inayotoa vibali vya utafiti. Muulize msimamizi wako leo, si kesho. Majina na namba za simu ulizokusanya pia ziko chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, hazikai kwenye daftari lililo juu ya meza ya nyanya.

Sasa lile linalonikosesha raha. Ulitaja matokeo ya mtu mbele ya watu. Mwanangu, Kilifi wazee wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, hilo si siri ya mtu. Leo Bi M. "anaona", na bangili ikipatikana ni barka. Kesho mtoto wa mtu akiugua, yule anayeona ataulizwa kwa nini hakuona, au kwa nini aliona akanyamaza. Kuna na Sheria ya Uchawi, Sura ya 67, ya tangu 1925, na inamgusa anayejidai ana nguvu hizo kwa namna ya kutia watu hofu au kuwadhuru. Bi M. hajafanya hivyo. Lakini hakuna haja ya kumsogeza karibu na mstari.

Kila mtu apewe namba. Kumi yake ibaki daftarini. Na aliyeshiriki majaribio ya kujizoeza haingii kwenye utafiti wenyewe, iwe alipata 10 au 2. Hilo ndilo jibu la swali lako la mwisho, ila kumwambia ni kazi nyingine.

---

Baraza Kibokoni

Wa aleikum salaam binti. Mimi nitasema la dini, mtanisamehe. Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba mwenye kumwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, sala yake haikubaliwi siku arubaini. Watu wa mtaani kwetu wanaijua hadithi hiyo, ndiyo maana wanakupita kando. Hawakuogopi wewe, wanaogopa siku arubaini.

Nikifikiri zaidi lakini, naona wewe humuulizi mtu ghaibu. Unapima kama anaweza au hawezi, na huenda jibu likawa hawezi. Hilo ni jingine. Mpelekee imamu wa msikiti wenu hiyo fomu aisome mwenyewe, akiridhika atawaambia watu, nawe utapata hao 40 kwa wiki moja.

La pili si la dini. Nimecheza dhumna barazani tangu nikiwa kijana, na kete uliyobakisha naijua kwa namna unavyoshika kikombe. Hiyo leso ya nyanya ilifika wapi? Kama walikuona uso, hawakuhitaji hisi ya sita.

---

Mwalimu wa Hesabu, Changamwe

Yakhe, kabla hamjamfanya Bi M. walii au mchawi, tupige hesabu.

Mtu anayebahatisha kadi 25 hupata 10 au zaidi kiasi cha mara 2 katika 100. Ni nadra kwa mtu mmoja. Lakini wewe ulipima 14, na katika kundi la watu 14 uwezekano kwamba angalau mmoja atafika 10 ni kama 1 katika 5. Ukipima 40 tarajia wawili hivi wafike 9 bila ajabu yoyote. Kwa hiyo amua sasa hivi, kwa maandishi, kabla ya mtu wa kwanza: watu 40, kadi 25 kila mmoja, tunahesabu wote. Usisimame panapokunogea wala usiongeze watu panapokuchukiza.

Suala lako la nani wa kumchukua ni la zamani kuliko unavyodhani. Nyota wa Rhine, Hubert Pearce, alikuwa mwanafunzi wa theolojia. Yeye na msaidizi wa Rhine, Pratt, walikaa majengo tofauti mwaka 1933 na 1934, Pratt na kadi zake, Pearce maktabani akibashiri, na kati ya kadi 1,850 akapata 558, wakati bahati ingempa 370. Miaka mingi baadaye mwanasaikolojia Mark Hansel akauliza swali la kitoto: nani alikuwa akimwangalia Pearce maktabani? Hakuna. Angeweza kutoka akachungulia. Haimaanishi alitoka. Inamaanisha hatuwezi kujua, na kadi zote 1,850 zimekaa juu ya hilo.

Kuna Gertrude Schmeidler naye, miaka ya 1940 huko Marekani, aliyewagawa washiriki wake waaminio na wasioamini, akawaita kondoo na mbuzi. Akasema kondoo hupatia zaidi kidogo. Wewe weka swali moja tu kwenye fomu, "Waamini jambo hili lawezekana?", ujaze pande zote mbili. Tafadhali usiwaite mbuzi, tuko Mombasa. Wengine walitafuta wasanii: Schlitz na Honorton walichukua wanafunzi 20 wa shule ya sanaa ya Juilliard, wakawafunika macho kwa nusu za mpira wa meza, taa nyekundu, mvumo masikioni. Kati ya hao 20, walipatia 10, pale ambapo bahati ingetoa watu 5. Watu 20 tu, lakini. Na Daryl Bem wa Cornell mwaka 2011 alichapisha majaribio 9 yenye washiriki zaidi ya 1,000 akidai watu huhisi yajayo, wenzake wakarudia mwaka uliofuata, wasipate kitu.

Swali langu ni dogo. Manila. Ulizishika juani? Kadi za mwanzo za Rhine zenyewe zilionekana kwa nyuma mwanga ukizipiga vizuri.

---

Mazingaombwe wa Likoni

Mimi nilikuwa nikifanya mazingaombwe mashuleni, kutoa sarafu masikioni mwa watoto. Nasema moja tu: mtu anayekupigia mara tatu akitaka kushiriki, muogope.

Mwaka 1979 tajiri McDonnell alikipa Chuo Kikuu cha Washington kule St. Louis dola 500,000 za kutafiti mambo haya. Wakatangaza wanatafuta vijana wenye vipawa. James Randi, mwanamazingaombwe, akapenyeza vijana wake wawili, Steve Shaw na Michael Edwards. Kwa miaka kadhaa walipinda vijiko mbele ya wataalamu. Randi alikuwa amewaandikia wataalamu wale mapema kabisa kuwatahadharisha, na vijana waliagizwa wakiulizwa wazi kama wanadanganya, waseme kweli. Hawakuulizwa. Siri ikatolewa 1983.

Kwa hiyo kwenye fomu yako andika: "Umewahi kufanya mazingaombwe au kucheza karata kwa pesa?" Ni mstari mmoja. Na usimwambie mtu kadi kwa kadi kama amepatia, maana mcheza karata mzuri anajua nyota tano zikishapita hakuna ya sita.

---

BintiTudor

Mwalimu, nimezishika juani.

Nilipanda roshani jana saa kumi na moja na nusu, saa ile ile aliyokaa Bi M., maana alikuja wa mwisho baada ya kuosha vyombo vyake. Wenzake walikuwa wameshapimwa mchana, jua liko utosini. Leso ilinifika kidevuni, na mimi nilikuwa nainua kila kadi usawa wa macho, jua likiwa mgongoni kwangu. Nikamketisha binamu yangu kwenye kiti cha Bi M. Akaniambia, "Hiyo nyota. Hiyo nayo duara." Mawimbi hakuyapata, mistari ni myembamba. Nimerudi kwenye karatasi ya Bi M.: katika zile 10, nyota ni 5 na duara ni 4. Nilitaka kutapika.

Na Mzee wa Kibokoni, uso wangu wote ulikuwa nje, sina la kujitetea. Msimamizi pia amenigombeza kuhusu kibali. Tumeshajaza fomu za kamati, na hakuna mtu atakayepimwa mpaka jibu lije.

Leo nimekwenda kwa Bi M. baada ya kumaliza kuuza. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima tangu Makadara na nikafika sina hata moja. Nikampa kadi, nikamwambia, bi, hebu ielekeze juani. Akaitazama muda mrefu. Akageuza, akatazama tena. Akasema, "Kumbe nilikuwa naona, nami nikidhani nahisi." Akaniuliza kama na wengine wameambiwa. Nikamwambia la, na hakuna atakayeambiwa na mimi. Nikamwomba radhi kwa kupiga kelele siku ile, hilo ndilo kosa langu zaidi kuliko manila. Hakunijibu. Alinifungia mahamri manne kwenye gazeti, akakataa pesa, na sijui kama nimesamehewa au nimefukuzwa.

Mwenye bangili atamwambia mwenyewe, amesema.

Shangazi, tangazo nimeliandika upya kama ulivyosema, nikaongeza "majibu yako hataambiwa mtu mwingine yeyote". Kadi zitachapishwa kwenye karatasi nene na kutiwa kwenye bahasha nyeusi, atakayezitazama atakaa chumba kingine, na mimi nitakayeongea na washiriki sitajua mpangilio. Kilichobaki ni mahali. Chumba cha chuo kinawatisha watu, kwa nyanya ndiyo basi tena.

---

Shangazi wa Nyanjani

Amekupa mahamri, umesamehewa. Rudi baada ya wiki ununue na ulipe.

Kuna chama cha akina mama Ziwa la Ng'ombe, wana ukumbi wenye vyumba viwili na mlango katikati. Hukutana Jumanne saa nne. Kibali kikitoka nitumie ujumbe nikupeleke kwa mwenyekiti wao. Njoo na barua, fomu nakala mbili mbili, kalamu za kutosha. Na nyanya abaki nyumbani.